Kumtafuta Mtu wa La Botte

Ofisi ya damu niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa katika nyumba ya zamani kwenye mteremko wa Muhumba, nyumba ya matofali yenye korido ndefu na madirisha ya vyuma yanayotazama ziwa. Watu walikuja kutoa damu, papa wa laboratuari, mzee wetu wa maabara, akaipima na kuiweka kwenye friji, na hospitali ya upande wa pili wa bonde ikatuma mtu kuichukua. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila aliyetoa damu nilimuuliza jina, mtaa, na simu kama anayo, kisha nikayaingiza hayo pamoja na kundi la damu yake katika kompyuta iliyokaa mwisho wa korido. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kile tulichokiita base, yaani ghala la habari za watoaji wetu wote.

Base hiyo aliijenga enjenia mmoja kijana, mzaliwa wa Bagira, mpole na mpenda kahawa. Kwa ajili ya kutafuta watoaji alikuwa ameandika skripti, maagizo ambayo kompyuta inayasoma na kuyafuata mstari kwa mstari. Katika maagizo hayo aliacha nafasi mbili tupu: moja ya kundi la damu, nyingine ya mtaa. Ukizijaza, skripti inapeleka swali kwenye base, na majina yanashuka. Sisi wengine hatukuwahi kuigusa skripti yenyewe. Enjenia alikuwa na kompyuta ya kubeba yenye ukurasa wa vibonyezo. Unachagua kundi, unachagua mtaa, unabonyeza. Halafu alitumwa Kinshasa kwa mafunzo, akaondoka nayo.

"Kukikuwa haraka," aliniambia siku ya kuaga, "andika amri kwenye ile ekrani nyeusi. Andika *tafuta*, halafu groupe, halafu quartier. Njo ile tu."

Groupe ni kundi, quartier ni mtaa, na njo ya kwetu ni ndiyo. Nilimjibu sawa, kama mtu anavyojibu jambo ambalo hategemei litamfika.

Kuhusu tabia ya base nilijua kitu kimoja tu. Kwetu Bushi majina mengi ya wanawake huanza na M kisha apostrofi, ishara kwamba huyu ni binti wa fulani. Nilipoanza kazi, kila nilipoingiza jina la namna hiyo base ililikataa, nami nikaona aibu mbele ya akina mama waliokuwa wamekaa wakisubiri. Enjenia alinieleza kwamba base hulishika kila neno katikati ya vialama viwili kama kile, kimoja mwanzoni na kingine mwishoni. Ikikikuta kialama katikati ya jina, inadhani neno limekwisha. Nikazoea kukiandika mara mbili, na akina mama wakaacha kusubiri.

Vita vilikuwa vimekuja na kwenda mjini mwetu mara nyingi kiasi kwamba asubuhi watu walisikiliza kwanza, ndipo wakafungua mlango. Asubuhi ile nilisikiliza, sikusikia kitu, nikaenda kazini. Mtoto wangu wa kike alikuwa Nyantende kwa mama yangu, na jambo hilo nililishukuru baadaye, ingawa kwa siku zile lilinitesa kuliko njaa. Risasi zilianza kabla ya saa sita, kwanza upande wa Nyawera, kisha karibu zaidi, kisha pande zote, hata usijue ukimbilie wapi. Wenzangu waliokuwa na miguu mepesi waliteremka mara ya kwanza tu waliposikia. Tuliobaki tulikuwa watatu: mimi, papa wa laboratuari, na mtawa mmoja, tuliyemwita masista au masoeur, wa kituo cha afya cha Miti, aliyekuwa amekuja na gari lake la jipu kuchukua damu. Alikuwa amepita Kavumu asubuhi, barabara ikafungwa nyuma yake.

Tulikaa kwenye korido kwa sababu haikuwa na dirisha. Kwenda chooni tulitambaa. Maji yalikatika, umeme ukakatika. Masista alikuwa na mkate na mahindi ya kukaanga kwenye mfuko, tukagawana kidogo kidogo. Papa wa laboratuari, mtu mzima aliyekuwa na kikohozi cha miaka, alikohoa mdomo ukiwa ndani ya kofia yake ili asisikike nje. Nje ya ukuta tulisikia watu wakikimbia, halafu tukasikia viatu vizito, halafu kimya. Kimya ndicho kilichonibana zaidi. Risasi zikilia unajua ziko wapi.

Simu ya hospitali ilikuja asubuhi iliyofuata. Mtandao ulikuwa ukija na kuondoka kama mtu mwenye homa. Nilimjua docta kwa sauti. Alizoea kututania kwamba tunamnyima damu. Siku hiyo hakutania.

"Maman, uko wapi?"

"Niko kazini, docta. Tumefungiwa humu."

"Asante Mungu. Sikiliza. Niko na mwanamke amezaa jana, anavuja damu, haikome. Ni O négatif. Hapa sina hata poche moja."

Nilimtazama papa wa laboratuari. Alikuwa amesikia, akatikisa kichwa. Damu ya O hasi kwetu ni ya wachache mno, na mfuko wa mwisho tulikuwa tumeutoa wiki ile.

"Hatuna, docta."

"Ninajua. Nitafutie mutu. Mutu mwenye anakaa karibu, mwenye anaweza kufika hapa kwa miguu. Hapa tunaweza kumutoa damu na kuipima sisi wenyewe. Fanya haraka, maman."

Kadi za watoaji, zile za karatasi, zilikuwa katika kibanda cha ng'ambo ya ua, na tangu jana yake mtu yeyote aliyetokeza kwenye ua huo alionekana kutoka barabarani. Masista alisema ataenda. Papa alimshika mkono wa kanzu.

"Masoeur, ukipigwa pale, tutakuwa na wagonjwa wawili."

Basi ikabaki kompyuta. Juu ya paa tulikuwa na sahani za sola na chini betri zake, zilizowekwa kwa ajili ya friji tu. Kulikuwa na mawingu siku hizo na betri zilikuwa dhaifu. Nilimwomba papa achomoe friji anipe umeme. Damu ndani ya friji ilikuwa imekwisha, lakini kulikuwa na dawa zake za kupimia makundi, alizozisubiri miezi kutoka nje, na bila baridi zingeharibika. Alisimama mbele ya friji hiyo kama anayemuaga ndugu, kisha akainama, akachomoa waya, akaukokota hadi kwenye meza yangu.

Niliishusha kompyuta sakafuni na kulala kwa tumbo mbele yake. Ekrani nyeusi, ile skrini ya kuandikia amri, ikafunguka na kile kimstari kinachopepesa. Niliandika kama nilivyoagizwa: *tafuta O- Nguba*. Nikabonyeza.

Ilijibu kwa Kifaransa kwamba kuna kosa la sintaksia. Nikaandika tena polepole, nikihesabu herufi. Kosa lile lile. Nilidhani ni ile alama ya hasi inayoichanganya, nikajaribu kundi jingine, *tafuta A+ Nguba*. Kosa. Nikaandika *tafuta A Nguba*, ingawa kundi la namna hiyo halikuwepo kwenye base, ili nione tu itasema nini. Safari hii ilisema kwamba safu ya jedwali inayoitwa *a* haipo. Nilibaki nikiitazama sentensi hiyo. Sikuwa nimeiuliza habari za safu. Nilikuwa nimeiuliza habari za watu.

"Inasema nini?" masista aliuliza kutoka ukutani.

"Inasema sijui kuuliza."

Nilimpigia enjenia. Nilipiga mpaka kidole kikauma, na mara moja tu, kwa bahati, ikaita. Alipokea akiwa mahali penye kelele za magari, mahali pa kawaida, nami nikamwonea wivu ambao hata leo unanishangaza.

"Niko natafuta O négatif kwa ekrani nyeusi, inakataa!"

"Mko wazima? Redio inasema..."

"Inakataa, nakuambia! Nifanye nini?"

"Guillemets," alisema. "Weka ile maneno ndani ya guillemets, kwa sababu menu yangu, ile ya vibonyezo, ndiyo ilikuwa inaziweka yenyewe. Weka..."

Simu ikakatika, na haikurudi tena siku hiyo.

Nilifurahi kama aliyepewa ufunguo. Alama za mtajo, vile vialama vya base, vile vile vya majina ya akina mama! Bila shaka. Neno lisilo na vialama, base haijui kwamba ni neno la mtu. Inadhani ni jina la safu yake yenyewe. Niliandika *O-* katikati ya vialama viwili, na *Nguba* hivyo hivyo, nikabonyeza.

Kosa lile lile. Bila tofauti ya hata herufi moja.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Nje walikuwa wameanza tena kurushiana, na vumbi la dari lilikuwa likituangukia. Nilikuwa nimelala sakafuni nimefungiwa katika nyumba, na ndani ya nyumba hiyo nilikuwa nimefungiwa tena katika mistari miwili ya maneno. Nilifanya alichosema, na mashine ikanijibu kana kwamba sikufanya. Nilijaribu tena, na tena, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa akiamini kwamba mara hii utalegea. Papa wa laboratuari aliniwekea mkono mgongoni.

"Maman, pumua."

Nikapumua. Nikajiuliza: kama inajibu kana kwamba sikuweka vialama, pengine kweli haikuviona. Nimeviandika, lakini havikufika. Basi vimepotelea wapi njiani?

Kulikuwa na amri moja ndogo ambayo enjenia alinifundisha siku za mwanzo, kwa mchezo. Unaandika *echo*, kisha maneno yoyote, na ekrani inakurudishia maneno hayo hayo. Nilikuwa nikiandika salamu, nikacheka inaponijibu. Sasa niliandika *echo*, kisha *O-* ndani ya vialama vyake. Ekrani ikanirudishia *O-*. Uchi. Vialama havikuwepo.

Nilikaa kitako, nikasahau risasi. Ekrani nyeusi yenyewe ndiyo iliyokuwa inavivua. Yenyewe pia inatumia alama za mtajo kwa mambo yake, kwa hiyo inapoziona inadhani ni zake, inazitoa, halafu inapeleka neno mbele likiwa tupu. Skripti inalipokea tupu, base inalipokea tupu. Ilibidi nivae nguo mbili, moja ya kuvuliwa mlangoni na nyingine ya kufika nayo ndani. Nikaandika alama nene za nje, zile za mistari miwili, na ndani yake vialama vyembamba vya base, nikaitanguliza *echo*. Likarudi neno na vialama vyake vyembamba, salama.

Niliandika amri yote hivyo, kundi na mtaa. *Nguba*. Ekrani ikachora vichwa vya safu, jina, simu, na chini yake ikaandika kwa Kifaransa: mistari sifuri. Hakuna mtu. Lakini lilikuwa jibu! Masista, ambaye hakuelewa ni nini kimetokea, alipiga ishara ya msalaba kwa kuuona uso wangu.

*Nyawera* ilitoa majina mawili. Wa kwanza simu yake ilikuwa imezimwa. Wa pili alipokea mkewe, akasema mume amevuka mto Ruzizi tangu jana na hajui yuko wapi, akaanza kulia, na ilibidi nikate huku analia kwa sababu inite za kupigia simu zilikuwa zinakwisha. *Muhumba*, mtaa wetu wenyewe, ilitoa mtu mmoja. Nilimjua; alikuwa amezikwa mwezi uliopita na hakuna aliyekuwa amemfuta. Nililitazama jina lake pale kwenye mwanga, na sikumfuta hata wakati huo.

Ukabaki mtaa mmoja wa karibu, ule wa rasi inayoingia ziwani. Niliandika *La Botte* kwa nguo zake mbili, nikabonyeza. Ekrani ikanung'unika mstari mmoja wa onyo, kama ilivyozoea kunung'unika kwa mambo mengi, kisha ikarudi kwenye kimstari chake kinachopepesa. Hakukuwa na majina.

"La Botte pia hakuna," nilisema.

Wakati huo ndipo geti lilipopigwa.

Hawakusubiri kufunguliwa. Tulisikia bati likilia, na viatu uani, na sauti: "Batu ya humu, tokeni! Mikono juu!" Nilitupa kitenge changu juu ya ekrani na kuisukuma kompyuta chini ya meza. Masista alisimama wa kwanza, akatembea mpaka mlangoni akiwa amenyoosha mikono, nasi nyuma yake. Walikuwa vijana, macho mekundu, wamelowa jasho. Sitasema walikuwa wa upande gani. Kwa wiki ile pande zote zilitaka vitu vile vile.

"Jipu ni ya nani?"

"Ni ya wagonjwa," alisema masista.

"Leta ufunguo, maman. Na matelefone."

Alitoa ufunguo. Mimi nilitoa simu yangu. Papa alisema hana, wakampapasa, kweli hakuwa nayo. Mmoja aliingia ndani. Nilimsikia akitembea kwenye korido, akifungua friji iliyozimwa, akiufunga mlango wake kwa nguvu. Nilikuwa nawaza jambo moja la ajabu: asiukanyage waya. Alitoka akiwa na mfuko wa mahindi. Wakashindwa kwanza kuiwasha jipu, wakatusukumisha sisi wenyewe mpaka barabarani, ikawaka, wakaondoka nayo.

Tuliporudi ndani papa alikaa chini akakohoa bila kofia. Masista aliingiza mkono chini ya kitambaa chake cha kichwa, akatoa simu ndogo.

"Mimi hawakunipapasa," alisema. Hakutabasamu.

Nilivuta kitenge. Ekrani ilikuwa bado inapepesa, na amri yangu ya mwisho ilikuwa bado pale. Labda ningempigia docta wakati huo huo na kumwambia hakuna mtu. Nilikwisha kuishika simu ya masista, ambamo namba ya docta ilikuwamo. Lakini macho yangu yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye ekrani, kutoka Nguba hadi La Botte, na kuna kitu kilichonikataza. Nguba, ambako hakukuwa na mtu, kulikuwa na vichwa vya safu, na mstari unaosema sifuri. La Botte hakukuwa na vichwa, hakukuwa na sifuri. Base haikuwa imeniambia hakuna. Haikuwa imeniambia kitu chochote. Pengine haikuwa imeulizwa.

Nikausoma ule mstari wa onyo ambao sikuusoma mwanzo. Ulisema kwamba kuna neno limezidi na limepuuzwa. Neno lenyewe lilikuwa *Botte*, na kialama chake kimoja kikining'inia mwishoni.

Nafasi kati ya *La* na *Botte*! Mitaa mingine yote niliyoijaribu ilikuwa ya neno moja. Huu ulikuwa wa maneno mawili, na mahali fulani njiani ulikuwa umekatwa katikati kama muwa. Base ilipokea kialama cha kufungua, na *La*, na ikabaki inasubiri kialama cha kufunga ambacho hakikufika kamwe. Lakini mimi nilikuwa nimeufunga mtaa huo kwa alama nene. Kwa hiyo mkato haukufanyika mlangoni. Ulifanyika ndani, kwenye skripti yenyewe.

Nilikuwa sijawahi kuifungua skripti. Niliifungua. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa, mistari michache tu, na katika mmoja nikaziona zile nafasi mbili tupu, ya kwanza na ya pili, kila moja ikiwa na alama ya dola na namba. Zilisimama wazi, bila kitu cha kuzifunga. Enjenia hakuona shida kwa sababu ukurasa wake wa vibonyezo ulipita njia nyingine. Niliweka alama nene upande huu na upande huu wa nafasi ya pili, kisha na ya kwanza, nikaomba kwa Mashi, lugha ninayoombea mambo mazito, nikahifadhi.

Betri ilianza kulia, ule mlio mfupi mfupi wa kukaribia kufa.

"Haraka, maman," alisema papa.

Niliandika upya. *La Botte*. Vichwa vya safu vikachorwa, na chini yake jina moja. La mwanamke, linaloanza na M na apostrofi. Na simu. Niliisoma namba kwa sauti na masista akaiandika kiganjani mwake, na hatukuwa tumemaliza kuihakikisha ekrani ilipozimika.

Alipokea mara ya kwanza. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia kuna mwanamke anakufa na damu yake yeye ndiyo inayofaa, na kwamba simlazimishi, na kwamba nje kunaua.

"Amezaa?" aliuliza.

"Amezaa, maman."

"Mutoto iko muzima?"

"Sijui. Sikuuliza."

Nikamsikia akiongea na mtu chumbani, na sauti ya mwanamume ikipanda: "Hapana! Hapana, nasema!" Kisha akarudi kwenye simu. "Nitapita chini, kando ya maji. Waambie wanifungulie mulango ya nyuma." Akakata.

Nilimpigia docta. Halafu tukangoja, na huko kungoja ndiko ninakokukumbuka kwa mwili. Kompyuta ilikuwa imekufa, hakukuwa na la kufanya kwa mikono. Mvua ilianza kunyesha na risasi zikapungua, kisha zikaanza upya upande wa ziwa, na kila mlio niliuhesabu kuwa ni yeye. Nilikuwa nimemtoa nyumbani kwake mtu ambaye sikuwahi kuukumbuka uso wake. Masista alisali rozari bila sauti. Papa aliziweka chupa zake za dawa ndani ya ndoo ya maji ya mvua aliyoyakinga mlangoni, akijaribu kuokoa baridi kidogo, ingawa tulijua sote watatu kwamba zimekwisha haribika.

Docta alipiga jioni, kabla giza halijaingia.

"Amefika," alisema. "Tumemutoa damu, tumeiweka. Mwanamke amefungua macho."

"Na mutoto?"

"Mutoto alikufa asubuhi, maman. Mbele ya ile yote, kabla sijakupigia."

Niliwaambia wenzangu habari zote mbili kwa pamoja, kwa sababu sikujua jinsi ya kuzitenganisha. Masista alilia. Papa alisema, "Mama yake anaishi," akarudia tena, "Mama yake anaishi," kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa.

Tuliendelea kufungiwa mle siku nyingine, tukiwa hatuna cha kula, mpaka mji ulipotulia na watu wakaanza kutokeza mmoja mmoja, wakitembea katikati ya barabara mikono ikiwa wazi. Masista aliondoka kwa miguu kuelekea Miti. Mimi nilipanda hadi Nyantende. Mama yangu alikuwa akipepeta maharage uani. Hakuinuka, aliniita niketi, akanipa ungo, nikapepeta naye mpaka maharage yakaisha. Mtoto alitoka ndani akaniuliza kwa nini nanuka.

Yule mwanamke wa La Botte alikuja ofisini baada ya wiki kadhaa, umeme ulipokuwa umerudi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye pengo la mbele, na nilipomwona nikatambua kwamba nilikuwa nimemhudumia zamani, mmoja wa wale waliosubiri benchi kwa sababu ya apostrofi. Nilimpa chai. Nilitaka kumshukuru lakini alinitangulia kwa kuuliza.

"Weye njo uliniita?"

"Ni mimi."

"Pale kwenye majani, karibu na maji, nilikaa chini," alisema. "Walikuwa wanapiga kutoka juu. Nikasema nirudi. Bwana yangu alikuwa amekasirika, batoto walikuwa wanalia. Nikakaa pale mvua ikininyeshea. Nikasema, kama banatafuta mutu mwingine na kumupata, si watanipigia simu? Nikaishika simu ndani ya mkono. Nikangoja. Haikulia."

"Hakukuwa na mutu mwingine."

"Njo vile nilijua. Nikasimama."

Alitaka kujua kama yule mama anaendelea vizuri. Nilimwambia ametoka hospitali, amerudi kwao. Hakuuliza jina lake wala kwao ni wapi. Aliuliza tu kama ni kijana, nikasema ni kijana, mimba ya kwanza. Akaishika bilauri ya chai kwa mikono miwili, akaitazama.

"Basi atapata mwingine," alisema.

Alimaliza chai, akaniuliza ni lini anaruhusiwa kutoa damu tena. Nilimwambia asubiri kwanza anenepe kidogo. Akacheka, akaonyesha lile pengo, akajifunga kitambaa kichwani na kushuka mteremko akiwahi darasa la mchana.